Namna ya Kupima Ruta na Laini ya Intaneti Yenye Kasi Kubwa

Mwenye ofisi ya utalii jijini Arusha anayelipia fiba, lakini video za wateja bado zinapanda kwa kusuasua, aghalabu hupima kasi kwa simu kisha humlaumu mtoa huduma. Kipimo hicho huchanganya Wi-Fi, ruta (kifaa kinachogawa intaneti ofisini), laini na seva ya mbali, kwa hiyo ni vyema kila kimoja kipimwe peke yake.

Tafuta kompyuta mbili zenye tundu la gigabiti 1, uziunganishe moja kwa moja kwa waya na kuzipa anwani za IP za mtandao mmoja. Sakinisha iperf3, programu isiyolipiwa, kwenye zote mbili. Ya kwanza iandikie iperf3 -s, na ya pili iperf3 -c ikifuatiwa na anwani ya ile ya kwanza, halafu -t 60 ili jaribio lidumu dakika moja. Matokeo mazuri hukaribia megabiti 940 kwa sekunde, kwa kuwa sehemu iliyobaki huliwa na vichwa vya pakiti, yaani maelezo ya anwani yanayotangulia kila kipande cha data. Ukiona megabiti 94, kagua waya kabla ya kitu kingine chochote: gigabiti 1 huhitaji nyuzi zote nane, na uzi mmoja ukibanwa vibaya kwenye plagi, vifaa hushuka kimyakimya hadi megabiti 100, ambazo hutosheka na nyuzi nne.

Sasa weka ruta katikati, kompyuta yenye -s ikichomekwa kwenye tundu la WAN (la kuingizia intaneti), kwa anwani za mtandao tofauti, na nyingine kwenye LAN (matundu ya vifaa vya ndani). Ukizichomeka zote upande wa LAN utakuwa umepima swichi tu, yaani sehemu ya ruta inayounganisha vifaa vya ndani, na hapo hata ruta ya bei chee huonekana shujaa. Rudia ukiongeza -R kwenye amri ya kompyuta ya pili ili data zisafiri kinyume.

Pakiti kubwa huisitiri ruta dhaifu. Gigabiti 1 hubeba pakiti kubwa zipatazo 81,000 kwa sekunde, lakini zikiwa za baiti 64 hufika takribani milioni 1.49, na ruta hulazimika kuamua njia ya kila moja. Ongeza -u -l 64 -b 50M kwenye amri, yaani pakiti ndogo zenye baiti 64 za data kwa megabiti 50 kwa sekunde, kisha linganisha pakiti zilizopotea na zile za jaribio hilohilo kwa waya mtupu, bila ruta.

Mwisho, rudisha laini ya fiba, pakia faili kubwa huku ping, amri inayopima muda wa kupata jibu kutoka seva, ikiendelea. Milisekunde zikiruka kutoka makumi hadi mamia, foleni ya pakiti zinazosubiri kutoka imejaa. Punguza kasi ya kupakia ndani ya ruta iwe chini kidogo ya ile unayolipia, kisha upime tena, mchana na jioni.