Kupanga Safari ya Miguu ya Siku Moja Kwenda Kwenye Maporomoko ya Maji Mlimani

Anayepanda kilele huikabili sehemu ngumu akiwa bado na nguvu, na akishachoka huwa anateremka. Safari ya kwenda kwenye maporomoko ya maji mara nyingi huwa kinyume chake. Maji huangukia ndani ya korongo, na njia nyingi huanzia ukingoni juu na kushuka hadi chini, kwa hiyo mteremko huja asubuhi na mpando huja baadaye, wakati miguu imechoka na maji ya kunywa yamepungua. Kwa sababu hiyo naona ni busara kuipanga safari hii kuanzia mwisho: kwanza amua saa ambayo ni lazima uwe umemaliza kutembea, kisha uhesabu kurudi nyuma hadi saa ya kuondoka.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mwaka 1892 mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, alitoa kanuni ambayo bado inatumika: saa 1 kwa kila kilomita 5, na saa 1 zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kanuni hiyo inamfaa mtu mwenye nguvu, kwenye njia nzuri, asiyesimama kupumzika, na kwa njia ya korongo yenye mizizi, mawe na utelezi ningeongeza nusu ya muda unaopatikana. Chukua mfano wa maporomoko yaliyo umbali wa kilomita 6 kutoka mwanzo wa njia na mita 600 chini yake. Kwenda kutachukua takriban saa 2, ilhali kurudi kutachukua zaidi ya saa 3 na robo, ingawa njia ni ileile. Ikiwa jua linazama saa 12 jioni na unataka kubakiza saa 2 za mwanga kwa ajili ya dharura, uwe umefika juu saa 10 alasiri. Basi ni lazima uondoke kwenye maporomoko saa 6:40 mchana, na ukitaka kukaa pale saa nzima, uanze safari kabla ya saa 3:40 asubuhi. Saa ile ya 6:40 ndiyo saa ya kugeuka. Ikikukuta njiani, hata kama unausikia mngurumo wa maji, geuka. Wenzako wote waifahamu na waikubali kabla ya kuondoka, maana ni vigumu kuwashawishi watu wageuke wakiwa wamebakiza mwendo mfupi.

Takwimu za umbali na kimo utazipata kwenye ramani inayoonyesha mistari ya kontua, yaani mistari inayounganisha mahali penye mwinuko sawa. Mistari iliyosongamana ni dalili ya ukuta au mteremko mkali, na pale mistari hiyo inapokatwa na kijito ndipo maporomoko yalipo. Angalia pia namna kijito kilivyochorwa. Kwenye ramani nyingi mstari wa vipandevipande huonyesha kijito cha msimu, ambacho wakati wa kiangazi huenda kikakupokea kwa mwamba mkavu. Hifadhi ramani kwenye simu kabla ya kuondoka, kwa sababu ndani ya korongo mtandao hupotea, lakini ubebe na nakala ya karatasi.

Kuhusu msimu, maporomoko hupendeza zaidi mvua zinapokuwa nyingi, na wakati huohuo ndipo njia huwa ya hatari zaidi. Wakati mzuri ni muda mfupi baada ya mvua kukatika, ambapo mto bado umeshiba lakini udongo umeanza kushikamana. Unaposoma utabiri wa hali ya hewa, usiishie kwenye eneo utakalotembea. Soma pia ule wa miinuko ambako mto huo unaanzia, kwa sababu mvua inayonyesha huko juu inaweza kukuletea mafuriko ya ghafla chini ya anga isiyo na wingu. Mito inayolishwa na theluji nayo ina tabia yake: hujaa mchana kadiri jua linavyoyeyusha theluji, hivyo kivuko ulichokivuka asubuhi kwa urahisi huenda kikakufungia njia ya kurudi. Maji yanayokwenda kasi, hata yakiwa na kina cha sentimita 15 tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima.

Mzigo usiwe mkubwa. Viatu vyenye soli inayoshika mwamba uliolowa, koti la mvua, nguo kavu ya joto, tochi ya kichwani, filimbi, vifaa vya huduma ya kwanza na chakula kisichohitaji kupikwa vinatosha. Kwa maji, kadiria nusu lita kwa kila saa ya kutembea, na zaidi kukiwa na joto. Maji ya mlimani, hata yakiwa maangavu, yanaweza kuwa na vimelea, kwa hiyo yachemshe au yachuje kwa kichujio kinachozuia vimelea kabla ya kuyanywa.

Ukifika, mngurumo unaokuvutia ndio huohuo unaofunika sauti za hatari. Hutasikia radi ya mbali, wala mwenzako anayeita, wala jiwe linaloporomoka. Kubalianeni mapema ishara za mikono, na mkae mahali ambapo kila mmoja anamwona mwenzake. Chagua jiwe moja lililo ukingoni mwa maji, ulitazame kila baada ya dakika chache: likianza kufunikwa, au maji yakibadilika rangi kuwa ya udongo na kubeba majani na vijiti, pandeni mara moja mahali pa juu bila kusubiri kukusanya vitu. Msiogelee chini ya maji yanapoangukia, kwa sababu mkondo wa pale humzungusha mtu na kumrudisha chini, na mawe huanguka pamoja na maji. Msiruke kutoka juu, na msisogelee ukingo wa juu, ambako mwamba uliolowa na kuota kuvu huteleza kuliko unavyoonekana.

Utulivu wa mahali hapo nao unahitaji mpango. Nenda siku ya kazi, mapema, na kundi dogo. Sabuni, hata ile inayosemekana kuwa haidhuru mazingira, isiingie mtoni. Mwenye haja na aende angalau mita 60 kutoka kwenye maji, achimbe shimo la sentimita 15 hadi 20 na kulifukia.

La mwisho, na kwangu ndilo lisilosameheka kuachwa, ni kumwachia mtu aliyebaki maelezo ya maandishi: njia mtakayofuata, idadi yenu, saa mnayotarajia kurudi, na saa ambayo akiwa hajapata habari zenu aombe msaada. Mkikwama, pigeni filimbi mara 6 katika dakika moja, mnyamaze dakika moja, kisha mrudie. Jibu la waokoaji ni ishara 3 kwa dakika. Na mkirudi salama, mpigieni simu mtu huyo kabla ya kufanya jambo jingine lolote, asije akawatuma watu korongoni usiku kuwatafuta walio nyumbani.