Pikipiki ya Zamani, Safari Ndefu: Namna Ninavyoiandaa CG 125 Kutoka Dar Hadi Iringa

Wateja wangu wengi hufika gereji saa kumi jioni na neno ni lile lile: "Fundi, kesho nasafiri, niangalizie kidogo." Juzi kaja mzee mmoja na Honda CG 125 yake, tenki limepauka, kiti kimeshonwa mara mbili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Alfajiri nakwenda Iringa. Nifungie cheni mpya, mwaga oili, basi."

"Cheni nitafunga mzee, oili nitamwaga. Ila kesho panda basi."

Akanicheka. Nikamweleza yaliyonikuta mimi mwenyewe. Miaka ya nyuma nilifunga cheni mpya usiku wa kuamkia safari, taa ya simu mdomoni, haraka haraka. Kufika Mikese, Morogoro naiona kwa mbali, cheni ikaruka na kujisokota kwenye sproketi ya mbele. Nilikuwa nimeweka kinyume kibati cha loki, kile kiungo kinachofunga ncha mbili za cheni. Cheni ilikuwa mpya kabisa. Kosa lilikuwa la mkono wangu, na usingekuwa usiku wa mwisho ningeligundua nikiwa bado Dar.

Ndiyo maana naanza wiki 2 kabla. Kila nilichofungua lazima kitembee kilomita 200 hivi za mjini kwanza. Pikipiki ya zamani imeshazoeana na ubovu wake. Ukiifungua na kuifunga upya, mpe muda akuonyeshe ulipokosea.

Hatua ya 1: Ioshe, kisha ilaze juu ya boksi

Osha kwa ndoo na brashi. Presha ya kuoshea magari iache, inasukuma maji ndani ya beringi na soketi za umeme. Ikikauka, tandika kadibodi chini ya injini na uiache ilale hapo. Asubuhi kadibodi inakueleza kila kitu: doa chini ya nati ya kumwagia oili, doa chini ya shafti ya gia, doa upande wa klachi. Zungushia kila doa kwa kalamu. Jasho dogo la oili kwenye gasketi naliacha. Tone linaloanguka siliachi.

Wakati huohuo andika orodha, ili uende Kariakoo mara moja tu. Ushauri wangu wa pesa: kwenye cheni, tyubu, beringi na nyaya za klachi na breki, nunua OG (orijino) hata kama utapunguza matumizi ya njiani. Saidi mira na indiketa nunua kopi, hazitakulaza porini.

Hatua ya 2: Injini

Honda walipoitoa CG mwaka 1976 waliacha makusudi cheni ya ndani ya kuendeshea valvu, wakaweka fimbo za kusukuma. Walijua inakwenda kwa watu wanaopakia gunia mbili na kusahau sevisi. Pikipiki nyingi za Kichina za 125 na 150 zimenakili injini hiyo, kwa hiyo hata kama yako haina jina la Honda, mengi ya hapa yanakuhusu.

Kitu ambacho mafundi wengi hukiruka ni tapeti, yaani nafasi kati ya roka na valvu. Iseti asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Toa plagi ili izunguke kwa urahisi. Fungua kifuniko cha sumaku (gurudumu la ndani linalozalisha umeme) na kile cha valvu juu ya hedi. Zungusha sumaku kwa spana ya boksi mpaka alama ya T ilingane na alama ya kwenye bodi. Shika roka zote mbili (vile vimkono vinavyosukuma valvu) kwa vidole: zikicheza kidogo, upo mahali pake. Moja ikiwa imekaza, zungusha mzunguko mmoja kamili urudi kwenye T.

Sasa chukua fila (kibati cha kupimia nafasi) ya milimita 0.08, ipitishe kati ya skrubu ya roka na kichwa cha valvu. Inatakiwa iteleze huku ikishikwashikwa, kama unavyovuta karatasi iliyolaliwa na daftari. Ikipita bila kugusa, kaza skrubu kidogo, ikigoma, legeza. Shika skrubu isizunguke, kaza nati yake, halafu PIMA TENA. Hapa ndipo vijana wangu wa gereji wanapokosea kila siku: nati ikikazwa huivuta skrubu, na kipimo ulichokihangaikia kinapotea. Mwenye pikipiki nyingine aangalie kitabu chake, si zote ni 0.08.

Na usitafute ukimya. Mteja anataka injini isilie kabisa, fundi anakaza tapeti mpaka inanyamaza, mteja anafurahi. Valvu iliyokazwa haifungi vizuri ikipata moto, inaungua pole pole, na kwenye mlima wa Kitonga ndiyo utaona nguvu zimekwisha. Tapeti inayolia tik-tik kidogo ni nzima.

Oili: 20W-50 ya pikipiki yenye maandishi ya JASO MA (alama ya oili za pikipiki), sio iliyobaki kwenye dumu la gari. Baadhi ya oili za gari zina vilainishi vinavyofanya klachi iteleze. Imwage ikiwa ya moto. CG haina kichujio cha karatasi, ina kichungi cha wavu. Kitoe ukioshe kwa petroli, ukikuta vumbi la kung'aa sawa, ukikuta vipande acha safari tuongee. Ukipima kwa kijiti, kiweke tu tunduni bila kukizungusha. Na jua injini yako inakula oili kiasi gani. Nyingi za umri huu zinakula, si aibu, aibu ni kutojua.

Plagi nasoma rangi. Chai ya maziwa, vizuri. Nyeusi ya masizi, petroli imezidi au ea klina imejaa vumbi. Nyeupe kavu, hewa imezidi, na hiyo ndiyo inayotoboa pistoni kwenye safari ndefu. Kabureta ifungue bakuli lake tu, umwage maji na kutu. Huku pwani matenki yanaota kutu ndani. Weka kichujio kidogo kwenye mpira wa petroli, bei yake ni ndogo kuliko soda mbili.

Tundu la hewa la mfuniko wa tenki nalo lisafishe kwa sindano. Likiziba, pikipiki inakwenda kilomita 20 inazima, unafungua mfuniko inafanya "psss", inawaka, inakwenda 20 nyingine. Nimeona watu wamebadilishiwa kabureta nzima kwa ugonjwa huo.

Hatua ya 3: Cheni

Ivute cheni kwa nyuma ya sproketi kubwa. Ikiachana na meno mpaka mwanga unapita, imekwisha. Badilisha seti nzima, cheni na sproketi zote mbili, kwa sababu cheni mpya kwenye meno yaliyochongoka kama ya papa haimalizi mwezi.

Kuikaza: zungusha gurudumu pole pole na upime sehemu nne au tano. Cheni ya zamani haichakai sawasawa, kuna mahali inakaza na mahali inalegea. Seti kwa ile inayokaza, iwe na mchezo wa sentimita 2 hadi 3. Ukiseti kwa inayolegea, ikifika inayokaza itavuta beringi ya shafti.

Halafu loki. Kile kibati chembamba kina upande uliofungika, wa mviringo, na upande wenye mdomo wazi. Mviringo utangulie kule cheni inakoelekea ikitembea, mdomo ufuate nyuma. Chuchumaa upande wa cheni, sogeza gurudumu mbele kwa mkono, kitazame kibati kikipita juu: mviringo kwanza. Ukikiweka kinyume, kila kinachoparuza kitakuwa kinakifungua. Bonyeza kwa koleo mpaka kilie "tak" kwenye mfereji wa pini zote mbili. Loki ya akiba funga kwa kitambaa, weka mfukoni.

Hatua ya 4: Magurudumu na breki

Kwenye tairi tafuta tarakimu nne ndani ya kiduara. 2419 maana yake wiki ya 24 ya mwaka 2019. Tairi la miaka mingi lenye nyufa pembeni silipeleki safari hata kama kashata zake (meno yake) zimejaa. Tyubu yenye viraka vitatu hivi igeuze mipira ya kufungia mzigo. Vali ikiwa imelala upande, tyubu inateleza ndani. Toa upepo, inyooshe kabla haijakatika.

Spoki zigonge moja moja kwa spana ndogo. Iliyokaza inalia "ting", iliyolegea inalia "tak". Pikipiki za Kigamboni na Kunduchi nazichunguza zaidi pale spoki inapoingia kwenye habu (kitovu cha gurudumu), chumvi inakula hapo bila kuonekana.

Inua gurudumu, litikise kushoto kulia: likicheza, beringi. Kisha shika shokapu za mbele usukume na kuvuta: ikigonga, ni beringi za usukani.

Breki za drami zifungue. Breki shuu zikiwa ngumu na zinang'aa kama kioo, zipige msasa. Zikiwa nyembamba, badilisha. Paka grisi kidogo sana kwenye kemu (chuma kinachotanua breki shuu), tone tu. Ukirudisha ekseli, usisahau kotapini (pini ya kuzuia nati isifunguke), na weka mpya.

Hatua ya 5: Umeme na nyaya

Fungua soketi zote chini ya tenki, zipulize, zisugue kwa mswaki. Betri isiyoshika chaji badilisha. Fyuzi mbili za akiba.

Waya wa klachi huwa unakatika nyuzi moja moja kwenye kichwa cha mkononi, mahali usipoona. Ukinunua mpya, usitupe wa zamani kama bado unavuta: ulaze sambamba na mpya, ufunge kwa tepu njia nzima. Ukikatika Ruaha Mbuyuni, unahamisha vichwa viwili tu, dakika 10 umeondoka.

Hatua ya 6: Bagamoyo na kurudi

Hili ndilo jaribio langu. Kwenda na kurudi hazipungui kilomita 120. Pakia mzigo ule ule wa safari, usiende mtupu. Nenda kilomita 60 hadi 70 kwa saa, usizidishe.

Ukifika, zima, kunywa chai dakika 10, kisha piga kiki ikiwa bado ya moto. Koili na CDI (vifaa vya kutoa cheche ya plagi) za zamani zinafanya kazi vizuri zikiwa baridi, zikipata moto zinagoma, na mjini huwezi kujua kwa sababu safari zako ni fupi. Ikigoma hapo, shukuru imegoma Bagamoyo. Gusa habu zote mbili: ya moto mpaka unatoa mkono, breki inashika au beringi imekufa. Kagua kila nati, anza na za injini na karia (kibebeo cha mzigo cha nyuma). Ile inayolegea kila mara iwekee gundi ya nati.

Mzee wa CG alirudi kutoka Bagamoyo kanuna. Karia imepata ufa, hakuuona kabla ya kupakia. Tukaichomelea siku ileile.

Hatua ya 7: Vifaa na mzigo

Spana namba 8, 10, 12, 14 na 17, bisibisi, koleo, spana ya plagi, vyuma vya kutolea tairi, pampu, tyubu mbili kwa sababu saizi za mbele na nyuma hazifanani, viraka, plagi, waya wa kufungia, tepu, nusu lita ya oili. Vizito viweke karibu na mgongo wako. Mzigo ukining'inia nyuma ya karia, usukani unakuwa mwepesi na pikipiki inayumba. Kadi, leseni na bima viwe ndani ya nailoni.

Njiani

Ondoka saa 12 asubuhi, kabla Kimara na Mbezi hazijafunga kwa foleni. Ukifika Chalinze, zaidi ya kilomita 100, simama hata kama unajisikia vizuri: oili, cheni, nati, habu. Iringa ni kama kilomita 500, na kwa 125 ya zamani nagawa siku mbili, nalala Mikumi mjini. Kipande cha hifadhini, karibu kilomita 50, pita mchana tu. Ukiwakuta tembo au nyati barabarani, simama mbali, na ukiweza pita pamoja na gari. Malori na mabasi yanayokuja kasi yape njia mapema, upepo wao ndio unaokuangusha.

Kitonga panda kwa gia ya chini bila kuibana, injini ipige kelele kidogo kuliko kuguna. Ikianza kupoteza nguvu, simama mahali salama, ipoe robo saa. Ukirudi, shuka kwa gia ileile uliyopandia. Drami zikichemka hazishiki tena.

Iringa ipo juu, zaidi ya mita 1,500, hewa nyepesi. Pikipiki iliyosetiwa pwani itavuta petroli nyingi kidogo na kuwa nzito. Usichokonoe kabureta, ikishuka itakaa sawa. Asubuhi kuna baridi: vuta choki, piga kiki, iache ingurume dakika mbili, ndipo urudishe choki na kupandisha stendi.