Toa maji kwenye matangi ya upepo kabla hayajaganda

Dereva wa lori anayefanya kazi Minnesota, Marekani, au Kanada majira ya baridi anapaswa kujua kwamba kompresa, yaani pampu inayojaza hewa ya breki kwenye matangi, huvuta hewa pamoja na unyevu wake, na hewa hiyo ya moto inapopoa ndani ya matangi, unyevu hugeuka maji ambayo usiku huganda kwenye valvu na mabomba, asubuhi breki zikagoma kushika au kuachia.

Kila unapomaliza kazi, zuia magurudumu, kisha fungua koki iliyo chini ya kila tangi, ukianza na tangi la kwanza kutoka kwenye kompresa, kwa kuwa ndilo hupokea maji mengi zaidi. Tazama kwa makini kinachotoka. Matone machache si neno. Maji mengi yanaonyesha kuwa kikaushio cha hewa, kifaa kinachoondoa unyevu kabla hewa haijafika kwenye matangi, huenda kimechoka, na tope la rangi ya maziwa lenye mafuta ni dalili kwamba kompresa inapitisha oili, ambayo itaharibu hata katriji mpya, yaani kichujio cha ndani ya kikaushio kinachonyonya unyevu, kwa hiyo kubadilisha katriji peke yake ni kupoteza fedha.

Katriji ibadilishwe kabla ya baridi kuanza, na hita ya kikaushio ipimwe. Nakusihi usimimine pombe ya kuyeyusha barafu kwa mazoea, kwani inaweza kuharibu mipira ya valvu. Ukiachanisha tela, funika midomo ya mabomba ya upepo ili theluji isiingie.