Namna ya kusoma majina ya misuli, kuanzia shingoni hadi usoni

Weka daftari pembeni kwanza. Nafanya kazi ya fiziotherapia hapa Mwanza, na wanafunzi wa afya wanaokuja kwangu kwa mafunzo ya vitendo wengi wamekariri majina ya Kilatini bila kuugusa mwili. Nawaanzisha upya kwa kidole, kwani jina la msuli mara nyingi linakuelekeza mahali pa kugusa.

Anza na shingo. Geuza uso kulia, kisha papasa upande wa kushoto: utakuta msuli mnene unaopanda toka kifuani hadi nyuma ya sikio. Jina lake ni sternocleidomastoideus. Usiliogope, likate vipande. Sterno ni mfupa wa kidari, cleido ni mtulinga, mastoid ni kile kinundu cha mfupa nyuma ya sikio. Jina likitaja mifupa namna hii, hutanguliza msuli unapoanzia na kumalizia pale unapojishika ili kuvuta.

Kisha nenda Mwaloni, Kirumba, asubuhi magunia ya dagaa yanapohamishwa. Tazama mabega ya makuli. Panapotuna ni deltoideus, umeitwa kwa umbo la pembetatu la herufi delta ya Kigiriki. Kati ya shingo na bega ni trapezius, nao umeitwa kwa umbo: wa kulia na wa kushoto kwa pamoja huchora pande nne. Mvuvi anayepiga kasia atakuonyesha latissimus dorsi, yaani mpana kuliko yote mgongoni. Hapo jina limetaja ukubwa na mahali.

Neno la ukubwa karibu kila mara lina ndugu. Ukikuta longus, mrefu, mtafute brevis, mfupi. Ukikuta maximus pale takoni, basi medius na minimus wako chini yake. Biceps ni vichwa viwili, na vipo mkononi na nyuma ya paja pia, ndiyo maana neno la pili halirukwi: biceps brachii ni wa mkono, biceps femoris ni wa paja. Rectus ni nyuzi zilizonyooka, obliquus ni za mshazari.

Majina machache hayakusaidii hivyo. Sartorius wa pajani umeitwa kwa fundi nguo aliyekaa chini amekunja miguu, na mafundi cherehani wetu hukaa kitini. Huo ukariri tu.

Sasa uso, ambako nataka utulie. Misuli mingi ya hapa hujishika kwenye ngozi, ndiyo maana ngozi husogea na hisia huonekana. Majina yake basi husema kinachosogezwa: levator labii superioris huinua mdomo wa juu, depressor anguli oris hushusha pembe ya mdomo, corrugator supercilii hukunja nyusi. Orbicularis ni wa mduara: oculi hufumba jicho, oris hufumba mdomo. Zygomaticus major hutoka mfupa wa shavu na kuvuta pembe ya mdomo juu unapotabasamu. Buccinator, wa ndani ya shavu, umepewa jina la mpiga tarumbeta. Masseter na temporalis iko usoni lakini ni ya kutafuna, na inaendeshwa na neva ya 5 ya kichwa. Ile mingine ya uso niliyotaja inaendeshwa na neva ya 7.

Simama mbele ya kioo, usome toka juu kwenda chini huku ukitenda: inua nyusi (frontalis), fumba macho kwa nguvu, jaza hewa mashavuni, tabasamu ukionyesha meno. Kwa mpangilio huohuo utampima mgonjwa aliyelegea upande mmoja wa uso. Kipaji chake cha uso kikikunjamana pande zote mbili huku mdomo umeshuka upande mmoja, hofia kiharusi, maana sehemu ya juu ya uso hupata amri kutoka pande zote mbili za ubongo. Kipaji kikiwa kimelala upande uleule wa mdomo ulioshuka, huenda neva ya 7 yenyewe ndiyo imeathirika. Kwa vyovyote vile apelekwe hospitali siku hiyohiyo, bila kungoja. Andika saa dalili zilipoanza, kwa kuwa daktari ataiuliza kwanza.