SOMO: Matairi ya gari la kulala safarini (someni kabla ya kuniuliza psi, yaani kipimo cha upepo)

Wakuu, swali la "niweke upepo kiasi gani" nimelijibu mpaka nimechoka. Naandika mara moja hapa. Langu ni Land Cruiser 78 lenye kitanda, jiko na hema la juu ya paa, matairi 235/85R16, njia zangu Arusha, Karatu, Ngorongoro hadi Seronera, ndani ya Serengeti. Mwenye Hiace au Coaster aliyoigeuza nyumba afuate hatua hizi hizi, namba ndizo zitabadilika.

1. Soma umri wa tairi. Ubavuni, mwisho wa maandishi ya DOT, kuna namba nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Magari yetu hukaa miezi bila kutembea, kwa hiyo tairi huzeeka kabla kashata (meno ya tairi) hazijaisha. Likivuka miaka 6 nalikagua kila safari. Likiwa na nyufa ubavuni, au likifika 10, naliondoa. Spea pia.

2. Pima uzito gari likiwa limepakiwa kila kitu, watu wakiwemo. Maji lita 100 ni kilo 100, tangi zangu mbili za dizeli zikijaa ni kama kilo 150. Kisha soma namba ya uzito kwenye tairi: 112 hubeba kilo 1,120, 116 kilo 1,250, 120 kilo 1,400. Upepo wake uangalie kwenye jedwali la mtengenezaji wa tairi. Kwangu ni psi 38 mbele, 50 nyuma.

3. Pima asubuhi kabla ya kuondoka. Tairi la moto usilipunguze upepo.

4. Ukibadilisha tairi, kaza nati tena baada ya kilomita 50 hivi.

5. Kushusha upepo, NA KUURUDISHA. Hapa tulieni. Kutoka geti la Naabi la Serengeti kwenda Seronera barabara ina mawimbi madogo madogo yanayotikisa gari mpaka skrubu zinalegea, kwa hiyo tunashusha upepo. Ni sawa kabisa. Safari moja nilishusha nyuma hadi 32. Wakati wa kurudi, tulipotoka geti la Lodoare la Ngorongoro lami ikaanza, watoto wamechoka, nikasema nitajaza Karatu. Karatu nikapitiliza. Nikateremka bonde la Mto wa Mbu saa nane mchana, jua kali, spidi 90, na kabla ya Makuyuni tairi la nyuma kushoto likachanika vipande. Gari lilivutwa upande wa pili wa barabara, na Mungu alisaidia hakukuwa na basi. Tairi lenye upepo mdogo ubavu wake unajikunja kila linapozunguka, joto linajikusanya ndani, na wewe kwenye usukani huhisi kitu. Kwa hiyo: ukishusha, usizidishe spidi 50. Funga kitambaa chekundu kwenye usukani, usikifungue mpaka ujaze. Jaza pale lami inapoanza, usisubiri mji. Na tairi lililokimbizwa na upepo mdogo usilijaze ukaendelea nalo. La kulia langu kwa nje lilikuwa zima. Fundi alipolivua likamwaga unga wa mpira. Nililitupa.

MASWALI

Mdau wa Mwanza: Mkuu nina Hiace, niweke psi ngapi?

Jibu: Hatua ya 2.

Mdau wa Mwanza: Nimeuliza tu, mbona ukali?

Jibu: Nikikutajia namba bila kujua uzito nitakuwa nakudanganya, na familia yako imo ndani. Kibandiko cha mlango wa dereva kina psi za Hiace kabla hujaweka kitanda na tangi. Pima, niletee kilo na namba za tairi, tutapiga hesabu pamoja.

Dada wa Moshi: Kaka, tulilala kambi ya Simba, ukingoni mwa Ngorongoro. Asubuhi geji ilisoma pungufu kwa matairi yote kuliko tulivyojaza Arusha mchana. Geji mbovu?

Jibu: Geji nzima, dada, na umefanya vizuri kupima. Ni baridi. Nyuzi 18 zikishuka, tairi la psi 50 hupoteza kati ya 3 na 4. Arusha ni kama mita 1,400, pale ukingoni kama 2,300, na ukipanda hivyo hewa ya nje hupungua nguvu, geji ikapandisha kama 1. Ulichoona ni baridi ikishinda mwinuko. Yakipungua yote sawa, ni hali ya hewa. Likipungua moja peke yake, tafuta pancha.

Mdau wa Nairobi: Na kujaza nitrojeni badala ya hewa ya kawaida?

Jibu: Hewa ya kawaida tayari ni nitrojeni asilimia 78. Hiyo pesa nunua geji nzuri.

Mdau wa Dodoma: Naongezea, bebeni kipande cha ubao cha kuweka chini ya jeki. Kwenye udongo mweusi uliolowa, jeki inazama tairi likiwa bado chini.

Jibu: Asante sana mkuu, hilo nililisahau. Na mawe mawili ya kuzuia magurudumu yasibiringike. Wenye spea mlangoni kwa nyuma, livisheni turubai dhidi ya jua, na lipimeni upepo siku mnayopima mengine.