Jipu la Ndani ya Koo: Namna ya Kulitambua na Linavyotibiwa

Mimi ni muuguzi wa wodi ya masikio, pua na koo, na wazazi huniuliza: "Si mafindofindo tu, sista?" Mara nyingi ni hayo. Lakini ukiona mgonjwa mwenye homa hawezi kugeuza shingo, udenda unamtoka kwa kushindwa kumeza, mdomo haufunguki vizuri na anaongea kama mtu mwenye tonge mdomoni, usingoje kesho. Huenda usaha umejikusanya kando ya tonsili au nyuma ya koromeo.

Jipu la nyuma ya koromeo huwapata zaidi watoto wa chini ya miaka 5. Hapo pana tezi ambazo husinyaa mtoto akikua. Kabla ya hapo, maambukizi ya pua au koo huweza kuzifikia. Kwa mtu mzima, mwulize kama alichomwa na mwiba wa samaki.

Mpeleke hospitali akiwa amekaa vile anavyopumua kwa nafuu. Usimlaze chali kwa nguvu. Usimwingize kijiko wala kidole ili uchungulie! Jipu likipasuka, usaha unaweza kuingia mapafuni. Asile wala asinywe, maana huenda akapewa dawa ya usingizi.

Huko, pumzi ndiyo hushughulikiwa kwanza. Kisha dripu, antibayotiki za mshipa, na mara nyingi picha ya CT (eksirei ya kompyuta) kuonyesha usaha umekaa wapi na umefika wapi, kwa kuwa unaweza kuteremka hadi kifuani, na hilo huua. Mtoto mwenye jipu dogo anayepumua vizuri huweza kutibiwa kwanza kwa dawa peke yake, akichungwa kwa saa 24 hadi 48. Asipopata nafuu, au jipu likiwa kubwa, usaha lazima utolewe. Dawa haipenyi vizuri ndani yake. Kwa jipu la kando ya tonsili, mtu mzima huweza kutolewa usaha kwa sindano au mkato mdogo akiwa macho, kwa ganzi. La nyuma ya koromeo huhitaji chumba cha upasuaji na usingizi, na mara nyingi daktari hupitia mdomoni. Lililozama pembeni huenda likapasuliwa kupitia shingoni. Usaha hupelekwa maabara ili dawa ilingane na vijidudu.

Baada ya usaha kutoka, wengi hupata nafuu upesi, na hapo ndipo huacha vidonge vya antibayotiki. Nawasihi mmalize dozi. Homa ikirudi, shingo ikikaza tena au kifua kikiuma, rudini siku hiyohiyo.