Seva ya Goma ikirudi, usinakili hifadhidata nzima

Kwa wenye seva ya PostgreSQL (programu ya hifadhidata) Goma na nakala yake Bukavu: umeme ukikatika, Bukavu ikapandishwa kuwa seva kuu, ile ya Goma ikiwaka tena haiwezi kuifuata kama ilishaandika mambo ambayo Bukavu haikuyapata. Kuvuta data yote upya kwa intaneti yetu hii ni kukesha. Zima seva ya Goma, kisha endesha hapo pg_rewind, zana ya PostgreSQL ya kuirudisha seva iliyoachana ili ifuate seva kuu mpya: --target-pgdata ni folda ya data, --source-server ni Bukavu, na -R (kuanzia toleo la 13) inaandika mipangilio ya kufuata. Jaribu kwanza na --dry-run, ambayo haibadilishi kitu. Inatafuta pale historia zilipoachana, halafu kwenye majedwali inavuta kurasa zilizobadilika tu. Bukavu haizimwi hata kidogo. Weka pembeni postgresql.conf yako, maana ikiwa ndani ya folda hiyo itafunikwa na ya Bukavu.

Haifanyi kazi kama hata kimoja kati ya mpangilio wa wal_log_hints na checksums (alama za kukagua data) hakikuwashwa kabla ya ajali, au kama mafaili ya WAL (kumbukumbu za mabadiliko) ya tangu mwachano yalishafutwa. Na yaliyoandikwa Goma peke yake yanapotea. Kama ni malipo ya wateja, yatoe kwanza kwa pg_dump (zana ya kutoa data kwenye faili), kabla ya kuizima seva ya Goma.